Taarifa ya select si ahadi

Hoja kwamba soketi ya UDP haihitaji O_NONBLOCK (hali ya kutosubiri) maadamu select imeshasema kuna data ni ya hatari, na mwongozo wa Linux wenyewe unatahadharisha. Select inaeleza hali ilivyokuwa ilipoangalia. Haiahidi itakavyokuwa recvfrom ikiitwa. Katikati hapo kerneli inaweza kukagua ile namba ya uhakiki ya biti 16 iliyo kwenye kichwa cha UDP, ikaona hailingani na yaliyomo, ikaitupa pakiti. Programu inakuja kusoma, inakuta foleni tupu, inaganda palepale, na wateja wote wa seva wanasubiri pamoja nayo.

Wapo watakaosema pakiti mbovu ni nadra. Kwenye mtandao mzima ni kweli, lakini mwenye nia mbaya anaweza kuitengeneza makusudi, na UDP haina salamu za awali za kumzuia. Tena, michakato miwili ikisubiri kwenye soketi moja, hata pakiti nzima kabisa huchukuliwa na mchakato uliotangulia. Ule wa pili unabaki umekwama. Ama hofu kwamba kutosubiri kunakula CPU kwa kuzunguka bure, hiyo inatokana na kuiacha poll, mwito wa kusubiri kama select, wakati mimi nasema vitumike vyote viwili, poll na O_NONBLOCK. Tusubiri kwenye poll, kisha recvfrom isome mfululizo mpaka irudishe kosa la EAGAIN, yaani hakuna data kwa sasa, ndipo turudi kwenye poll. Gharama yake ni mwito mmoja wa fcntl na kosa moja la kushughulikia.