TAHARIRI: VIJANA WETU WAANZE NA MIZANI, NDIPO SIMU

Ndugu wanakijiji,

Mkutano wa ushirika wetu umepitisha kwamba vijana wawili, binti na mvulana, waende Babati kwa miezi sita. Watakuwa wanagenzi kwa mfanyabiashara wa mazao anayeuza kwa mtandao. Watajifunza kupiga picha za mazao, kuandika matangazo, kutafuta wanunuzi na kuwajibu. Nauli, chumba na chakula vinatoka mfuko wa ushirika, yaani jasho letu. Kwa hiyo tusemezane mapema.

Wapo wanaouliza: hivi kuuza kwa simu nako kunafundishwa? Mbona kila kijana ana simu janja? Ndugu zangu, kushika jembe siyo kulima. Msimu uliopita sisi wenyewe tulimtumia mnunuzi wa Dar es Salaam picha ya vitunguu swaumu. Picha ilipendeza: vichwa vikubwa, vikavu, vyeupe. Lakini mzigo tuliopakia ulikuwa mchanganyiko, vingine vibichi kabisa. Vikapata joto ndani ya magunia, vikaoza njiani. Mnunuzi akakata bei nusu, na mpaka leo hapokei simu yetu. Mtandao haukutudanganya. Sisi ndio tuliodanganya.

Zamani mnunuzi alikuja mnadani, akaminya kitunguu kwa mkono wake, akanusa, akalipa. Wa leo yuko mbali, ananunua neno letu na picha yetu tu. Mbulu ina jina katika vitunguu swaumu. Jina hilo ndilo mtaji wa vijana hawa, na likiharibika hakuna bando la kulirudisha.

Vijana, shikeni haya:

1. Wiki za mwanzo msikimbilie simu ya ofisi. Kaeni ghalani. Jueni mizani, kukausha, kuchambua kwa gredi, gharama ya gunia na ya lori. Asiyeujua mzigo hawezi kuunadi.

2. Mapatano yawe kwa maandishi: nani atawafundisha, kazi gani, saa ngapi, posho kama ipo. Kufagia mtafagia, na chai mtatumwa. Lakini miezi sita ya kufagia tu siyo uanagenzi. Mkiona hivyo, leteni taarifa mapema.

3. Ulizeni. Mimi nilianza kisomo cha watu wazima nikiwa na mke na watoto. Wiki mbili za kwanza kila nikiulizwa nilijibu "nimeelewa", kumbe sikuelewa kitu, niliogopa kuchekwa. Mwalimu akaniita ubaoni, nikasimama na chaki kama mti. Kuanzia siku ile nikawa nauliza, na ndipo nikaanza kusoma.

4. Wekeni daftari. Kila tangazo andikeni siku lilipotoka, wangapi waliuliza, wangapi walinunua, kwa bei gani. Watu elfu waliopenda picha siyo watu elfu walionunua.

5. Ujumbe wa malipo unaweza kughushiwa. Tazameni salio kwanza, ndipo mzigo utoke. Namba ya siri asipewe mtu yeyote.

6. Msipige mtu picha ya tangazo bila ridhaa yake. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na tuliona wenyewe Desemba 3, 2023, matope ya Mlima Hanang yalipofika Katesh, jinsi picha zilivyoenea nchi nzima. Picha ikishatoka hairudi.

Sasa sisi tunaobaki. Kijana hawezi kuanza vizuri kule kama sisi huku tunamharibia. Mtunza ghala awapigie kila Jumatatu awaambie kilo halisi zilizopo, siyo za kukisia. Akisema hakuna, ni hakuna. Vitunguu vikauke kabla ya kupakiwa, na gredi zisichanganywe. Lumbesa tunailalamikia tunapofanyiwa na walanguzi, basi na sisi tusiwapakilie wenzetu mawe na makapi.

Wazazi, msiwaite kila wiki waje palizi. Hasa binti yetu: asije akakatizwa katikati eti nyumbani kuna kazi, au kuna mchumba. Mkutano ulimchagua kwa sababu hesabu zake za ghala hazijapishana na mizani hata mara moja. Miezi sita ni michache. Aachiwe aimalize.

Wakirudi hatutawauliza wametoa matangazo mangapi. Tutawauliza jambo moja: mnunuzi wa kwanza, je, alirudi kununua mara ya pili?

Ushirika ni nguvu.

Katibu wa Tawi