Likivuja, Usipake Juu Juu

Haya wapenzi wasomaji, mwezi huu twendeni baharini. Najua wewe uliyezoea ukurasa huu utauliza: tangu lini mambo ya mapenzi yakahusu madirisha ya boti? Tulia kwanza, shika chai yako, nitakufikisha.

Mimi na mwenzangu tulinunua boti. Si ya kitajiri kama zile za kwenye sinema, usije ukanitafuta na kadi ya mchango wa harusi! Ni boti ya faiba, imenizidi umri, ina kebini ndogo yenye vitanda viwili na madirisha manne, mawili kila ubavu. Muuzaji alikuwa mgeni aliyemaliza mkataba wake hapa Dar, anarudi kwao, anauza kila kitu kuanzia friji. Pesa tuliyomlipa ilikuwa akiba ya kiwanja. Kile cha Kigamboni tulichokuwa tunakiongelea tangu enzi za uchumba.

“Mke wangu, viwanja vipo tu, boti kama hii haitokei mara mbili,” mume wangu alisema. Nikajibu sawa. Moyoni haikuwa sawa hata kidogo, ila nilisema sawa. Hilo liweke akilini, nitalirudia.

Miezi ya kwanza raha tupu. Jumamosi tunatoka Msasani, tunakwenda Bongoyo au Mbudya, watoto wanaogelea, tunakula samaki, jioni tunarudi. Kisha ikaja masika.

Tyubu nne za silikoni

Jumapili moja, baada ya mvua ya usiku kucha, tulikuta godoro limelowa chapachapa na kebini inanuka ukungu kama stoo iliyofungwa mwaka mzima. Chini ya dirisha la nyuma, ubavu wa kulia, maji yalikuwa yanadondoka tone moja moja. Mume wangu akasema hiyo ni kazi ya dakika kumi. Akanunua tyubu ya silikoni, ile ya kuzibia sinki la jikoni, akapaka kuzunguka fremu kwa nje, akalainisha kwa kidole, akapiga na picha. Kweli, wiki mbili pakakauka. Mvua iliyofuata, maji yaleyale.

Akapaka tena. Na tena. Tyubu ya nne ilipoisha, dirisha lilifanana na keki iliyopambwa na mtoto wa chekechea, na godoro bado linalowa. Siku hiyo ndani ya gari hakuna aliyefungua mdomo mpaka nyumbani. Mimi nilikuwa naliwaza godoro? Wala! Nilikuwa naziona noti za kiwanja zikidondoka tone moja moja.

Maji hayaingilii pale unapoyaona

Rafiki yetu mmoja akatupeleka kwa mzee fundi wa boti, palepale Msasani. Tukamwamkia, akapanda, akaitazama ile silikoni, akatikisa kichwa. “Wanangu, hii siyo dawa. Hii ni plasta juu ya jipu.”

Akamwambia mume wangu akae nje na mpira wa maji, mimi nikae ndani na tochi na kipande cha chaki. Sharti lake: maji yaanzie chini ya dirisha, yasianzie juu. Unamwagia sehemu moja dakika kadhaa bila kuhama, ndipo unapanda kidogo. Ukianzia juu, maji yanatelemka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Kazi yangu ilikuwa kutia alama ya chaki kila nikiona unyevu, na kupaza sauti.

“Hapo je?”

“Pakavu!”

“Na hapa?”

“Bado!”

Wiki nzima tulikuwa hatujaongea maneno mengi kiasi hicho.

Dirisha la nyuma lilizungushiwa maji lote, kukavu. Mume wangu akahamia dirisha la mbele. Alipofika pembe yake ya juu, nikaona tone linajikusanya palepale chini ya dirisha la nyuma. Maji yalikuwa yanaingilia huku, yanatambaa kati ya ukuta wa faiba na bitana ya ndani, yanatokea kwa jirani. Msomaji wangu, tulikuwa tumeziba dirisha lisilo na kosa mara nne!

Fundi akatueleza na chanzo chake. Vioo vya boti nyingi za aina hii si vioo vya kweli, ni akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa. Akriliki ikipigwa jua inatanuka kuliko faiba. Dirisha la sentimita 60 likipanda joto kwa nyuzi 30, linaongezeka zaidi ya milimita moja, na usiku linanywea tena. Kila siku, mwaka baada ya mwaka. Kizibio kilichokauka kikawa kigumu hakiwezi kufuata mwendo huo, kinaachia, na maji hayahitaji mlango mkubwa.

Namna ya kuliziba likazibika

Kama na wewe una boti ya zamani, au unapiga hesabu za kununua, kata ukurasa huu uuweke:

1. Toa dirisha zima. Fungua skrubu zote, pitisha kisu chembamba taratibu kati ya fremu na ukuta. Usilibandue kwa nguvu na bisibisi; fremu ya alumini itapinda na akriliki itapata ufa.

2. Kwangua kizibio cha zamani chote. Hapa ndipo penye jasho. Silikoni inaacha utando usiouona kwa macho, na juu ya utando huo hakuna kinachoshika vizuri, hata silikoni mpya. Ndiyo maana tyubu ya pili haifanyi kazi kuliko ya kwanza. Kwenye faiba malizia na msasa. Akriliki isafishe kwa maji na sabuni laini tu. Asetoni, thina na dawa za vioo zenye amonia zinaitia nyufa ndogondogo.

3. Gonga ukuta kuzunguka tundu kwa mpini wa bisibisi. Kuta za boti nyingi zina plaiwudi au mbao nyepesi katikati ya matabaka mawili ya faiba. Sauti kali, mzima. Sauti iliyokufa kama boksi lililolowa, ujue mbao imeoza. Chimba uchafu wote, acha pakauke kabisa, ndipo ujaze gundi ya epoksi.

4. Chagua kizibio sahihi. Kwa dirisha lenye fremu ya skrubu, utepe wa butili ni rafiki mkubwa. Unanata kama jojo, unabaki laini miaka mingi, na siku ukitaka kulifungua tena unafunguka. Angalia usiuziwe utepe wa lami ukidhani ni butili. Vizibio vya polisalfaidi ni vizuri kwa kazi nyingine za boti, ila vinaila akriliki. Na zile gundi kali za poliyurethani zinashika kiasi kwamba siku ya kutoa dirisha utatoka na kipande cha boti.

5. Kaza kwa awamu. Skrubu zifunge kwa mpishano kama nati za tairi, leo kidogo, kesho kidogo, keshokutwa kidogo. Ukikaza kwa pupa siku moja unakikamua kizibio chote nje, na umerudi ulikotoka. Kinachochuruzika pembeni kikate kwa kisu cha plastiki.

6. Rudisha mpira wa maji. Chini kwenda juu, mmoja nje, mmoja ndani. Bitana na godoro havirudi mpaka pawe pakavu.

Tulichokikuta chini ya fremu

Sasa turudi kwenye lile nililokwambia uliweke akilini. Tulipolitoa dirisha la mbele, chini ya fremu tulikuta silikoni ambayo siyo yetu. Kumbe muuzaji naye alishapaka! Chini ya hiyo silikoni, plaiwudi nyeusi, laini, unaichota kwa kucha.

Nilianza kumlaani yule mgeni kwa lugha zote ninazozijua. Mume wangu kimya. Mwishowe akakaa kwenye kitanda kisicho na godoro akasema, “Mimi niliona. Siku ile ya kununua nilinyanyua godoro nikaona doa la maji. Niliogopa nikikwambia utakataa.”

Nilinyamaza kwa muda. Fundi, mtu mzima mwenye akili zake, akakumbuka ghafla kwamba kuna kifaa amekisahau ufukweni.

Ningeweza kuwasha moto siku ile, na ningekuwa na haki. Lakini na mimi nilikuwa na doa langu. “Na mimi sikutaka boti,” nikamwambia. “Nilitaka kiwanja. Nilisema sawa ili nisionekane mke mwenye kisirani, halafu kila safari ya Mbudya nimekuwa nakuhesabia.” Alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. Miezi yote ile alidhani nanuna kwa sababu ya godoro.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema kweli, ila ufa wa kupakwa juu tu hujazibwa, umefichwa. Ndani kunaendelea kuoza, na utakapoamua kutengeneza kweli, lile ulilopakia juu ndilo litakalokupa tabu ya kwanza.

Kazi ilichukua wiki tano za Jumamosi na Jumapili. Mbili kati ya hizo tulikuwa tunasubiri tu ukuta ukauke chini ya turubai. Wiki hizo za kusubiri ndizo tulizokaa na kalamu na karatasi, tukakubaliana: boti inabaki, ila mafuta na ukarabati wa mwezi una kikomo, na kiwanja kimefunguliwa akaunti yake ambayo hakuna anayeigusa bila saini ya mwenzake. Hatujakinunua bado. Lakini safari hii nikisema sawa, ni sawa.

Mvua za vuli zilipoanza tulikwenda kulala botini makusudi. Mvua ikapiga paa usiku kucha. Saa tisa alfajiri mume wangu akaniamsha, ameshika tochi. “Mama watoto, hapo je?”

“Pakavu,” nikamwambia. “Zima tochi tulale.”

Mpaka mwezi ujao wapenzi, muulize mwenzako leo: sisi panavuja wapi? Na mkianza kutafuta, anzieni chini.