Kuezeka bati juu ya vigae kusiwe njia ya mkato

KATIKA miji na vijiji vya Shinyanga, Kahama na Geita, bati ni akiba. Mkulima aliyeuza pamba, mfugaji aliyepeleka ng'ombe mnadani na mchimbaji mdogo aliyebahatika kwenye duara, wote hukimbilia kitu kimoja kabla fedha hazijaisha mfukoni, nacho ni bando la bati. Hilo si jambo la kubeza. Bei ya pamba hupanda na kushuka, na dhahabu nayo ina mwisho wake. Mgodi wa Buzwagi ulioanza uzalishaji mwaka 2009 jirani na mji wa Kahama ulifikia ukomo mwaka 2021, na waliojenga nyumba imara wakati fedha zipo ndio waliobaki na kitu cha kuonyesha.

Ni kweli kwamba nyumba nyingi za ukanda huo ni za bati au nyasi. Hata hivyo, yapo majengo yaliyoezekwa kwa vigae, yakiwamo ya misheni, baadhi ya nyumba za zamani za watumishi, na nyumba za watu binafsi waliotumia vigae vya udongo au vya saruji. Vigae vikianza kupasuka na kuvuja, mwenye nyumba huita fundi, na mara nyingi jibu analopewa ni jepesi: viache vigae mahali vilipo, piga bati juu yake, kazi iishe.

Ushauri huo una asili yake. Katika nchi za Ulaya kuezeka juu ya paa la zamani kuna mantiki ya kiuchumi. Mvua inaweza kunyesha mwezi wowote, hivyo kuiacha nyumba wazi ni hatari. Malipo ya fundi kwa siku ni makubwa, na kutupa kifusi kunagharimu. Kwa hiyo anayeepuka kuezua paa anaokoa fedha nyingi.

Shinyanga na Geita hesabu ni tofauti. Msimu wa mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba na kumalizika kati ya Aprili na Mei. Kuanzia Juni hadi Septemba ni kiangazi, na ndicho kipindi ambacho mkulima wa pamba hupokea fedha za mauzo. Yaani fedha na jua vinakuja pamoja. Paa linaweza kuezuliwa, mbao zikakaguliwa na bati likapigwa bila godoro kulowa. Aidha, katika gharama za paa huku, sehemu kubwa ni vifaa, yaani bati, mbao na misumari, wala si ujira. Kuteremsha vigae vya nyumba ya kawaida ni kazi ya siku chache kwa vibarua wachache. Anayeikwepa kazi hiyo anaokoa kidogo na kuhatarisha kikubwa.

Hatari ya kwanza ni kile kisichoonekana. Paa lililovuja kwa miaka huwa limelowesha papi, kenchi na mbao zinazolala juu ya ukuta. Mbao iliyolowa huoza, na mchwa wa ukanda huu hawahitaji mwaliko. Ukishafunika kwa bati jipya, huoni tena kinachoendelea chini yake. Nyumba itang'aa kwa nje huku mbao zinazobeba kila kitu zikiliwa. Fedha ya msimu mzima inakuwa imepigiliwa kwenye mbao ambayo hakuna aliyeikagua.

Hatari ya pili ni uzito. Vigae vya udongo huwa na kilo 40 hadi 60 kwa kila mita ya mraba, na vyembamba vya saruji huwa na kilo 20 hadi 30. Bati la geji 28 halifiki kilo tano kwa eneo hilo hilo. Kwa paa la mita za mraba 100, vigae vya udongo ni mzigo wa tani nne hadi sita, wakati bati lote halifiki nusu tani. Anayepiga bati juu haongezi uzito mkubwa, lakini anapoteza nafasi ya kuzipunguzia kuta mzigo wa tani kadhaa. Kwa kuta za tofali mbichi zilizokwisha kuanza nyufa, nafasi hiyo ni ya thamani kuliko bati lenyewe.

Hatari ya tatu ni upepo. Kigae hushikiliwa na uzito wake, bali bati hushikiliwa na msumari. Papi za vigae ni nyembamba kwa kuwa zilipangwa kubeba vigae, si kuzuia bati lisinyanyuliwe. Fundi anayepitisha msumari katikati ya kigae kuifuata papi hiyo anapasua kigae na kupata mshiko dhaifu. Njia sahihi ni kufunga papi mpya moja kwa moja kwenye kenchi, na ili kuifikia kenchi ni lazima vigae vya mistari hiyo viondolewe. Kwa maneno mengine, kazi ikifanywa vizuri vigae vitafunguliwa tu, na mbao mpya zitanunuliwa juu ya zile za zamani. Ule unafuu unaotajwa haupo tena.

Wakazi wa Kahama hawahitaji kukumbushwa nguvu ya dhoruba. Machi 2015 mvua ya mawe iliyoambatana na upepo mkali ilipiga kijiji cha Mwakata na jirani zake, ikaua watu zaidi ya 40 na kubomoa nyumba nyingi. Tukio hilo halikuhusu vigae, lakini lilionyesha kwamba paa na ukuta ni kitu kimoja. Ndiyo maana hata anayeondoa vigae asidhani kazi imekwisha. Paa jepesi linataka kufungwa ukutani kwa mikanda ya chuma au nondo, na kuta zenye nyufa zitengenezwe kwanza.

Wapo wanaotetea vigae kubaki, na hoja yao ina uzito. Kigae hupunguza joto la mchana na kelele za mvua, mambo ambayo kila aliyelala chini ya bati tupu anayafahamu. Lakini ubaridi huo unaweza kupatikana kwa njia nyingine. Dari nzuri, matundu ya kupitisha hewa kati ya dari na bati, na bati la rangi nyeupe au nyingine nyepesi vinapunguza joto bila kuzibebesha kuta tani tano. Pale ambapo jengo ni la kihistoria, kama kanisa au nyumba ya misheni, na mbao zake ni nzima, kinachofaa ni kubadilisha vigae vilivyovunjika na kuliacha paa katika sura yake.

Vigae vinavyoteremshwa si taka. Vizima vinaweza kuuzwa kwa wenye mapaa ya aina hiyo wanaotafuta vya kuzibia mapengo, au kuezekea banda la kuku, ambako ubaridi wake unahitajika sana. Vilivyovunjika hujaza sakafu ya uani au njia yenye tope. Mbao za zamani nazo zisichomwe kabla ya kuangaliwa. Katika majengo ya kale si ajabu kukuta mninga, na mninga mzima ni mali kuliko paina changa la sokoni. Katika mkoa uliolazimika kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986 kwa sababu ya kumalizika kwa miti, kutumia tena mbao nzuri ni uchumi na ni hifadhi pia.

Faida kubwa ya bati ambayo haihesabiwi vya kutosha ni maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 600 kwa mwaka, hupokea lita 60,000. Hata asilimia 20 ikipotea, zinabaki lita 48,000, sawa na ndoo 2,400 za lita 20. Kwa familia yenye bustani ya mboga na kuku, hayo ni mapato. Hivyo gata na tangi viingizwe katika bajeti ya paa tangu mwanzo. Walio karibu na makarasha au mahali zebaki inapochomwa wasinywe maji hayo, kwa kuwa mvuke na vumbi hutua juu ya paa. Walio mbali nao waache mvua ya kwanza ioshe bati kabla ya kuanza kukinga.

Ipo tahadhari moja inayogeuza ushauri huu wote. Baadhi ya majengo ya zamani yana paa la asbesto, ambalo mtu asiyejua anaweza kulidhania kuwa la saruji. Hilo lisivunjwe, lisikatwe wala kutobolewa, kwani vumbi lake husababisha saratani. Mwenye jengo la namna hiyo amwone ofisa wa afya au wa mazingira wa halmashauri kabla fundi hajapanda ngazi.

Kwa wengine wote, utaratibu si mgumu. Mwenye nyumba aanze Juni, si Oktoba wingu likiwa limekwisha kutanda. Ateremshe vigae upande mmoja na kuichoma kila mbao kwa ncha ya bisibisi, na inayopenya kwa urahisi itupwe. Anunue mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Akumbuke kuwa namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba zaidi, hivyo geji 32 yenye bei ya kuvutia si sawa na geji 28. Atafute pia alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Kamati za ujenzi za shule na zahanati nazo zina wajibu huo huo, tena mkubwa zaidi, kwa sababu fedha ni za umma na walio chini ya paa ni watoto na wagonjwa. Zisikubali makadirio ya bati jipya yasiyoambatana na taarifa ya hali ya mbao zilizo chini yake. Karatasi moja ya ukaguzi kutoka kwa mhandisi wa halmashauri ni gharama ndogo kuliko kuezeka jengo lile lile mara mbili.