Mwache Mtoto Aunde Tingatinga, Lakini si kwa Sindano ya Jaani

Je, mzazi, umewahi kuketi ukamtazama mwanao akiunda mashine? Mjini, mwenye uwezo humnunulia matofali ya plastiki ya Lego kutoka Denmark. Kule Bokoli, Bungoma, katika nchi ya miwa, mtoto huokota waya, mikebe na vifuniko vya chupa, akaunda trekta. Faida ni ile ile: vidole hupata wepesi, na akili hujifunza kupanga.

Hatari huanza anapotaka mashine ifanye kazi. Tingatinga huinua mkono wake kwa mafuta yanayosukumwa mabombani. Mtoto huiga kwa mabomba mawili ya sindano, yaliyounganishwa kwa mpira mwembamba na kujazwa maji. Akisukuma hili, lile huinuka. Ni werevu ulioje! Lakini ameyatoa wapi? Sindano iliyotupwa jaani yaweza kumchoma, na virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuambukiza hata baada ya siku 7 nje ya mwili.

Mzazi, usilivunje tingatinga hilo. Nunua mabomba mapya yasiyo na sindano katika duka la dawa. Kunja ncha za waya, na uhakikishe mtoto amechanjwa dhidi ya pepopunda. Akichomwa na sindano ya kuokota, osha jeraha kwa maji na sabuni, umpeleke hospitalini siku hiyo hiyo, kwani dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi sharti zianzwe kabla ya saa 72.

Kumkataza ni rahisi. Kumlinda huku akiunda ndiyo kazi ya mzazi.