Si Kila Ageukaye ni Msaliti

Wapenzi wa lugha na watunzi wenzangu, kuna neno moja nimelichoka. Neno hilo ni "msaliti". Tunampa mtu aliyehama chama, mchezaji aliyehamia timu ya watani, mpenzi aliyeondoka, na hata rafiki aliyenyamaza siku tuliyotaka aseme. Kila ageukaye ni msaliti, na tukishalitamka neno hilo hukumu imekwisha. Hakuna anayeuliza zaidi. Nashikilia kwamba huu ni uvivu, na kwamba wavivu wa kwanza ni sisi tunaojiita watunzi.

Ushahidi wangu nautoa mahali ambapo wengi wenu hampapendi: kwenye mieleka ya kulipwa ya Marekani. Najua nitakachoambiwa. Nitaambiwa kwamba ile ni michezo ya kuigiza, kwamba mshindi hupangwa kabla kengele haijalia, na kwamba watu wanaojua vina na mizani hawana la kujifunza kwa wanaume waliojipaka mafuta wakavaa bukta zinazometameta. Mshindi hupangwa, ni kweli. Katika tamthilia pia anayekufa hupangwa, na hatujawahi kuitupa tamthilia kwa sababu hiyo. Kwa kuwa mambo hupangwa, kila tendo ulingoni limechaguliwa ili watazamaji walisome. Na hakuna tendo linalopangwa kwa uangalifu zaidi ya lile la shujaa kugeuka kuwa mwovu. Waliokulia kwenye vibanda vya video wana maneno yao, steringi na adui. Nazungumzia usiku ambao steringi anakuwa adui.

Sisi huyaita matukio hayo yote usaliti. Nitayataja matano, na nitaonyesha kwamba ni moja tu linalostahili jina hilo.

Nianze na hilo moja. Novemba 2012 vijana watatu, Seth Rollins, Dean Ambrose na Roman Reigns, waliingia katika ulingo wa WWE kama kundi moja lililoitwa The Shield, yaani Ngao. Tarehe 1 Juni 2014 walilishinda kundi la Triple H bila hata mmoja wao kutolewa mchezoni. Siku iliyofuata Rollins alishika kiti cha chuma akampiga Reigns mgongoni, kisha akamgeukia Ambrose. Alikwisha kuhamia kwa Triple H. Kabla mwezi haujaisha alikuwa ameshinda mkoba unaompa mwenyewe haki ya kudai pambano la ubingwa wakati wowote autakao. Hapa masharti yote yametimia: palikuwa na agano, palikuwa na imani, palikuwa na malipo, na pigo lilitoka nyuma. Huyu ni msaliti. Sisi watu wa tungo hatukuhitaji kufundishwa jambo hili na Wamarekani. Masimulizi ya Fumo Liyongo yanatuambia kwamba jemadari aliyewashinda maadui zake aliuawa na mwanawe mwenyewe, kwa sindano ya shaba kitovuni, baada ya mtawala wa Pate kumrubuni kijana yule. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa tazameni tukio la pili, lililo maarufu kuliko yote. Tarehe 7 Julai 1996, mjini Daytona Beach, Florida, Scott Hall na Kevin Nash walikuwa wameahidi kuleta mwenzao wa tatu ambaye hakuna aliyemjua. Pambano lilipochafuka akatokea Hulk Hogan, mtu aliyekuwa amewahimiza watoto kwa miaka mingi wafanye mazoezi, wasali na wale vitamini. Hall na Nash wakaruka nje ya ulingo. Watu wakashangilia, mwokozi amefika. Hogan akavua fulana, akaruka, akamwangushia mguu Randy Savage aliyekuwa amelala hoi. Hakuwa amekuja kumwokoa mtu. Watazamaji walirusha vikombe na takataka mpaka ulingo ukajaa, naye akasimama katikati ya uchafu ule akiwaambia kwamba amechoshwa nao. Nguo zake nyekundu na njano zikawa nyeusi.

Msaliti? Sikubali. Takataka zile hazikurushwa kwa ajili ya Savage. Zilirushwa na watu waliokuwa wanarudi nyuma kichwani mwao, mwaka kwa mwaka, wakijiuliza kama zile sala zilikuwa za kweli hata siku moja. Msaliti hukuharibia kesho uliyopanga kwenda naye. Mtu wa namna hii hukuharibia jana. Kiswahili kina jina lake, nalo ni mnafiki. Tofauti ya maneno haya mawili ni kubwa. Msaliti alikuwa nawe kweli, kisha akaondoka. Mnafiki anakufanya ushuku kwamba hakuwahi kuwa nawe.

Tukio la tatu linanipa hoja yangu ngumu zaidi. Tarehe 23 Machi 1997, huko Rosemont, Illinois, Bret Hart wa Kanada alipambana na Steve Austin. Hart aliingia akiwa shujaa, Austin akiwa mhuni mwenye matusi. Hart akamkunja Austin miguu kwa kabari yake mashuhuri. Austin, damu ikimtiririka usoni, akakataa kusalimu amri mpaka akazimia. Hart akatangazwa mshindi, lakini hakutosheka. Aliendelea kumpiga mtu aliyezimia, mpaka mwamuzi Ken Shamrock alipomtoa kwa nguvu. Hart akaondoka akizomewa, na Austin akashangiliwa alipoondoka akichechemea kwa miguu yake mwenyewe.

Ni nani aliyegeuka usiku ule? Hart alikuwa akilalamika kwamba mashabiki wa Marekani wameacha kuheshimu adabu na wanawatukuza wahuni. Hakubadili msimamo wake. Walichobadili watazamaji ni kile walichokipenda. Julai mwaka uleule Hart alipigana mjini Calgary, kwao, na watu wake wakampokea kama mfalme. Mtu mmoja, mwenendo mmoja, mwovu upande huu wa mpaka na shujaa upande wa pili. Ukimwita msaliti utaulizwa alimsaliti nani, na hutakuwa na jibu. Kosa la Hart lilikuwa kususa. Alisusia watu waliomchoka, na wazee walishasema: ukisusa, wenzio wala. Aliyekula ni Austin.

Austin huyohuyo ndiye mwenye tukio la nne. Alipata umaarufu mkubwa kwa kumpinga bosi wake, Vince McMahon. Alimpiga, akamdhalilisha, na kila mfanyakazi mwenye bosi mkorofi akajiona ndani yake. Tarehe 1 Aprili 2001, mjini Houston, katika jimbo lake la Texas, alikuwa akipigania ubingwa dhidi ya The Rock. Aliposhindwa kummaliza aliomba msaada, na aliyeuleta ni McMahon. Austin akapokea kiti kutoka kwa mtu aliyemchukia kuliko wote, akampiga nacho The Rock tena na tena mpaka akalala, kisha akamshika mkono McMahon wakanywa bia pamoja.

The Rock hakuwa rafiki yake. Walikuwa wapinzani, na pigo la mpinzani si usaliti. Aliyeangushwa ni Austin mwenyewe. Kiswahili kinasema alisalimu amri. Na hapa lugha yetu inang'aa, kwa kuwa maneno yaleyale yanafaa kwa usiku wa Rosemont na kwa usiku wa Houston: mwaka 1997 alikataa kusalimu amri akiwa kifungoni na damu usoni, na mwaka 2001 alisalimu amri akiwa huru, kwa uchu wa mkanda. Watu wa Texas walimshangilia hata hivyo. Walitaka mtoto wa kwao ashinde, na bei ya ushindi hawakuiuliza. Neno "msaliti" lingetunyima yote hayo.

La tano ni la juzi. Tarehe 1 Machi 2025, mjini Toronto, John Cena, aliyekuwa upande wa wema kwa zaidi ya miaka 20, alimkumbatia bingwa Cody Rhodes, kisha akamtazama The Rock, na kwa ishara ya The Rock akamshambulia aliyemkumbatia. Dunia ya mieleka ilishtuka, nami sikatai kwamba mshtuko ulikuwa mkubwa. Lakini mshtuko si maana. Sababu zilizotolewa baadaye zilikuwa malalamiko dhidi ya mashabiki, The Rock akatoweka katika hadithi, na miezi michache baadaye Cena alirejea kwenye wema kana kwamba alikuwa amevua koti na kulivaa tena. Anayegeuka bila sababu na kurudi bila gharama huitwa kigeugeu. Wanaomwita Cena msaliti wanampa hadhi ambayo hadithi yake haikuifanyia kazi.

Msaliti, mnafiki, aliyesusa, aliyesalimu amri, kigeugeu: watu watano, majina matano, na yote tulikuwa nayo nyumbani. Basi kwa nini mkono wa mtunzi hukimbilia lile moja? Nadhani najua. "Msaliti" lina mizani nne, nusu kamili ya kipande cha mizani nane, na kina cha "ti" ni chepesi: wakati, hati, sharti, mauti. Ubeti unajaa wenyewe. Lakini hata udhuru huo haufui dafu. "Mnafiki" nalo lina mizani nne, na "mhaini" vilevile. "Kigeugeu" lina tano; atakayeona tano ni mzigo arudi akajifunze kupanga. Vina na mizani vipo ili vitulazimishe kutafuta neno lililo sawa. Havikuwekwa vituchagulie neno lililo karibu.

Mtaniambia nakuza jambo dogo. Tokeni basi kwenye ulingo, mtazame siasa zetu. Mwanasiasa anahama chama kwa sababu chama kimeacha misingi yake. Mwingine anahama kwa sababu amenunuliwa. Wa tatu anahama leo, na mwakani atarudi akiomba apokewe. Wote watatu tunawatungia shairi lilelile, lenye neno lilelile. Na anayenufaika ni nani? Ni yule aliyenunuliwa. Akiitwa msaliti hutabasamu, maana hata mwenzake mwenye msimamo ameitwa hivyo, naye anajificha katika kivuli chake. Aliyesimamia msingi ndiye anayeumia, kwa kuwa hakuna anayemuuliza chama ndicho kilichogeuka au ni yeye. Hilo ndilo swali la Bret Hart, na nchi isiyo na neno lake haiwezi kuliuliza.

Kwa hiyo nawataka watunzi tujiwekee sharti. Kabla hujaliandika neno hilo, jibu maswali matatu. Aliweka agano na nani? Alilivunja kwa malipo gani? Na una hakika ni yeye aliyegeuka, au ni sisi tuliobadili tunachokishangilia? Ukikosa jibu la swali lolote kati ya hayo, neno lako si "msaliti". Katafute jingine, ghala limejaa. Anayebisha na abishe, kwa nathari au kwa tungo, mradi katika ubishi wake asiniite kwa jina lile hadi atakapotaja agano nililolivunja.