Bustani ya Familia: Majani Mabichi Yanayokausha Mwembe

Mwezi huu tuongee habari ya miti yetu.

Kiangazi kilichopita mama jirani aliniita: "Mwalimu, njoo uone, mwembe wangu umepona!" Mwembe huo aliupanda mwenyewe mwaka alipofika kambini, na watoto wa nyumba nne wanakula maembe yake. Ulikuwa umeanza kukauka. Sasa kwenye tawi moja kulikuwa na kichaka cha majani mabichi na maua mekundu. Nikatazama vizuri. "Pole mama, haya siyo majani ya mwembe. Ni kirukia."

Kirukia ni nini? Ni mmea unaoishi juu ya mti mwingine, hauna mizizi ardhini. Ndege wadogo wanapenda matunda yake, na mbegu yake inanata kama ulimbo. Ndege akipangusa mdomo kwenye tawi, au akinya pale, mbegu inaganda hapo hapo. Ikiota inatoboa gome, inaingia mpaka ndani ya mti na kunyonya maji. Chakula kingine kirukia kinajitengenezea kwa jua, ndiyo maana ni kibichi. Lakini sehemu ya tawi iliyo mbele yake inakosa maji, inakauka. Vikiwa vingi, mti wote unadhoofika.

Katika misitu ya miombo hapa Kigoma utaviona hasa kiangazi, miti ikipukutisha majani na vyenyewe bado ni vya kijani. Huko porini tuviache, ndege wanapata chakula, na chozi wananyonya maua yake. Lakini nyumbani kagueni miembe, mipera na miparachichi.

Je, tufanye nini? Kunyofoa majani tu haitoshi, maana kilichoingia ndani ya tawi kitachipua tena. Kata tawi lenyewe, kiasi cha sm 30 kutoka pale kilipojishika, kuelekea shina. Ni urefu wa rula ya mwanafunzi. Fanya hivyo kabla matunda yake hayajaiva. Kama kimeshika shina, usikate mti! Kinyofoe kila kinapochipua, ili kisizae na kuenea.

Mama jirani alisita sana, kwa sababu tawi lile ndilo lililokuwa likizaa kuliko yote. Nilimwelewa. Mwishowe akasema, "Haya, kata." Tulikata matawi mawili, akapikia maharage. Msimu huu matawi yaliyobaki yamebeba maembe, na watoto wameshaanza kuyahesabu.

Nanyi vijana, msiwapige ndege manati kwa ajili ya kirukia. Wao wanatafuta chakula tu. Kazi yetu ni kuangalia miti mapema.

Basi, leo jioni inua macho, tazama mti wako. Tukutane mwezi ujao.