Gari la marehemu baba na haki ya waliolisukuma

Wiki hii tumeona tuzungumze na ndugu wasomaji juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni mapenzi ya magari ya zamani. Tunayakusudia yale magari ambayo wenyewe hawataki kuyauza wala hawawezi kuyaendesha, lakini kila afikapo mgeni humpeleka nyuma ya nyumba wakamwonesha, na masimulizi yakaanza mpaka chai ikapoa. Sisi nasi tumo katika kundi hilo. Gari letu limesimama chini ya mwembe, Kilosa mjini, kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na kuku hutagia ndani yake.

Wamarekani ndio waliopita mpaka katika mapenzi haya. Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilitoa gari liitwalo GTO, na mwezi Aprili wa mwaka huo huo Ford ikatoa Mustang, kisha yakafuata mengi ya namna hiyo, yenye injini kubwa za silinda nane na kishindo cha kuamsha mtaa mzima. Vijana walioyanunua wakati ule leo ni wazee wa karibu miaka themanini au zaidi. Huko Detroit, tangu mwaka 1995, kila Agosti hukusanyika kwa maelfu wakayapitisha magari hayo barabarani polepole, watu wakakaa kando kwenye viti vyao kuyatazama na kukumbuka ujana. Kwetu gari la namna hiyo lisingekuwa na kazi. Barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi ni zaidi ya kilomita sabini, na katika masika ya miaka tunayoikumbuka sisi, gari lenye tumbo la chini lingezama kwenye tope kabla halijaumaliza mji.

Hata hivyo moyo wa Kimarekani ulifika Kilosa, ila ulikuja umevaa kanzu ya Kiingereza. Hapo mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya General Motors ya Marekani iliunda kwa ajili ya magari yake ya Buick injini ya silinda nane, ya alumini, nyepesi kwa kiasi chake. Baada ya miaka michache ikaiacha. Mwaka 1965 kampuni ya Rover ya Uingereza ikanunua haki ya kuiunda injini hiyo, ikaitia kwenye magari ya wakubwa, kisha kwenye Range Rover mwaka 1970, na hatimaye mwaka 1979 ikaitia kwenye Land Rover ndefu ya kazi, ile ya inchi 109. Waliozijua Land Rover za zamani wataitambua mara moja: uso wake umesogezwa mbele ukawa sawa na mabawa, kwa kuwa injini ilihitaji nafasi. Waingereza walizipunguza nguvu zake kwa makusudi, zikabaki kiasi cha farasi tisini na moja tu, wakihofia kuvunja vyuma vingine. Lakini sauti hawakuweza kuipunguza. Lilipokuwa likivuka daraja la Mkondoa, mama alikuwa akijua ni wakati wa kuteleka chakula.

Marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alilinunua mwaka 1985 kwenye mnada mjini Morogoro, pale mradi mmoja wa kigeni ulipomaliza muda wake na kuuza vitu vyake. Vijana wa leo, ambao huagiza gari kutoka Japani kwa simu wakiwa kitandani, ni vigumu kuwaeleza maana ya mtu wa kawaida kuwa na gari wakati ule. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni hazikuwapo, na hapo kabla magari binafsi yalikuwa yamepigwa marufuku kutembea Jumapili alasiri ili petroli iokolewe. Ni mwaka 1984 tu ndipo serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za nje kuingiza bidhaa. Baba hakuwa na fedha za nje wala za ndani. Alikuwa akinunua mahindi na mpunga vijijini na kuuza mjini. Aliuza mahindi yote ya ghalani, akauza baiskeli mbili, na pengo lililobaki likazibwa na bangili za dhahabu za mama, ambazo alikuja nazo siku ya ndoa yake. Tuliliona jambo hilo siku ile kuwa ni la kawaida kabisa, na hapa tunaomba msomaji aliweke akilini, kwa maana tutalirudia.

Kununua gari la silinda nane katika nchi isiyo na petroli ni jambo ambalo hata sisi wanawe hatujapata kulielewa. Lita moja haikulifikisha mbali. Tulihesabu kilomita tano, siku njema sita. Kila safari ilitanguliwa na siku mbili za kutafuta mafuta, dumu moja kwa huyu, nusu dumu kwa yule, na kila aliyetoa alikuwa na mzigo wake, mgonjwa wake au harusi yake. Kwa hiyo gari lilikuwa la baba kwa kadi tu. Lilibeba mahindi kutoka Zombo, likabeba maiti kuwarudisha kwao, likabeba watu wa maulidi wakiwa wamejipanga mpaka juu ya boneti. Palikuwa na utani ambao watu wa Kilosa wanaujua, kwani njiani kuelekea Mikumi kuna kijiji kiitwacho Ulaya. Basi sisi watoto tulipokwenda shule tulijigamba kwamba tulikwenda Ulaya jana na kurudi jioni, na walimu wageni walikuwa wakishangaa.

Safari ya Mikumi ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote. Ukitoka kwenye vumbi au tope, unaibukia ghafla kwenye lami ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, na hapo baba alikuwa akilikanyaga. Tuliingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo barabara hiyo huipasua kwa takriban kilomita hamsini, twiga wakitutazama upande huu na nyati upande ule. Siku hizi kuna matuta na vibao vya kumkumbusha dereva kwamba amepita katika nyumba ya wenyewe. Wakati ule hapakuwa na cha kumzuia mtu ila akili yake, nasi hatuwezi kudai kwamba marehemu alikuwa akiitumia kila mara. Ile sauti ya silinda nane katika uwanda ule wa mikumi na nyasi, asubuhi, madirisha yakiwa wazi, hatujaisikia tena katika gari lolote, na mashangingi ya wakubwa yanayopita huko sasa kwa kasi ya upepo hayana sauti bali yana pembe za honi.

Haya ndiyo tunayoyasimulia. Lakini mwaka jana dada yetu mdogo, akitusikiliza tukimsimulia mgeni, alitukatiza kwa swali: je, katika hadithi hiyo sisi wanawake tulikuwa wapi?

Tulinyamaza, kwa sababu tulijua walikuwa wapi. Walikuwa nyuma wakisukuma. Betri ya gari lile haikupata kuwa nzima hata mwaka mmoja, na injini yenyewe haikuwa ya kuizungusha kwa hendeli kirahisi, kwa hiyo kila alfajiri lilisukumwa, na waliolisukuma ni dada zetu watatu na mama, wakiwa pekupeku, wakati sisi wavulana wawili tumekaa mbele kwa baba tukijifunza klachi na gia. Maji ya rejeta yaliyokuwa yakichemka kila mlima yalitekwa mtoni na wao. Safari za Mikumi walikwenda mara mbili, tena wakiwa wamekaa juu ya magunia. Mafuriko yalipokuja mwishoni mwa Desemba 2009, Mkondoa ukavunja tuta na kuingia mjini, gari lile lilifanya kazi yake ya mwisho kwa siku mbili mfululizo, likihamisha wazee na magodoro. Maji yaliingia kwenye injini na halikuwaka tena. Aliyekuwa akitembea mbele yake, maji yakimfika kiunoni, akipima kina kwa fimbo ili baba asije akatumbukia, alikuwa ni dada yetu mkubwa. Nasi huwa tunasimulia jinsi baba alivyoendesha.

Baba alifariki mwaka 2014. Nyumba iligawanywa, shamba likagawanywa, yote kwa utaratibu na mbele ya mashahidi. Ulipofika wakati wa gari, sisi wanaume tulisema kwa sauti moja: hili ni ukumbusho wa mzee, haliuzwi. Neno hilo lilipokelewa kwa machozi, na hakuna aliyelipinga. Miaka ikapita. Kisha, baada ya lile tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024, watu walianza kuzitafuta za zamani vijijini. Wa kwanza kutufikia alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, naye alilitaka kwa kilo, maana bodi ya Land Rover ni alumini tangu mwaka 1948, Waingereza walipokuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na alumini hiyo huyeyushwa ikawa sufuria. Tulimfukuza. Wa pili alikuja na fundi wake, akatambaa chini ya gari, akapima chasisi, akafungua boneti, na alipoiona injini akataja bei iliyotufanya tuombe arudie.

Hapo ndipo dada yetu mdogo alipotupigia hesabu. Wazazi wa marehemu walimtangulia. Aliowaacha ni mke mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kwa mujibu wa Suratun Nisaa mke ana thumni, yaani moja ya nane, na kinachobaki hugawanywa, mwana wa kiume akipata mara mbili ya binti. Akasema: gari lina silinda nane. Moja ni ya mama. Zimebaki saba. Nyinyi wawili mna mbilimbili, ni nne. Sisi watatu tuna mojamoja, ni tatu. Kwa hiyo kila mkikaa chini ya mwembe mkasema gari letu, mnazungumzia silinda nne, na nne nyingine mmezishika bila idhini. Tulicheka, kisha tukaacha kucheka.

Ndugu wasomaji, tunadhani jambo hili si letu peke yetu. Kimamba, Ruaha, Mikumi na kwingineko katika wilaya ile na nje yake, si vigumu kuona Bedford imeota nyasi, Peugeot 404 imekaliwa na mbuzi, trekta limezama ardhini, na ukiuliza utaambiwa ni kumbukumbu ya mzee. Ukichunguza utakuta mara nyingi kumbukumbu hiyo ina mwenye ufunguo mmoja, na mwenye ufunguo ni mwanamume. Hatusemi kumbukumbu ni haramu. Warithi wote wakiwa watu wazima, wakikubaliana kwa hiari kuliacha, ni lao waliache. Na anayelipenda kuliko wenziwe njia yake iko wazi: litathminiwe na mtu anayejua bei, kisha awalipe wenzake mafungu yao, ndipo alipige rangi na kulisimulia apendavyo. Tusichokubali tena ni mtu kusema haliuzwi ilhali hajamlipa mwenziwe, na huku mwenziwe ada za shule za watoto zimemshinda. Machozi ya siku ya matanga hayawi idhini, hasa aliyelia akiwa ni dada anayeona haya kuwapinga kaka zake mbele ya watu.

Tena kabla ya mafungu kuna deni la marehemu, nalo hutangulia mirathi; hilo halina mjadala. Ndipo tulipokumbuka bangili. Je, zilikuwa zawadi au mkopo? Kama mama alimpa mumewe kwa hiari, zilikwishakwenda, na ana ujira wake. Kama alimkopesha, basi tangu 2014 tumekaa juu ya deni la baba yetu tukilisifu. Kaka mmoja alishauri tusimuulize, maana ni mtu mzima sana na tutamtia simanzi. Tuliona kwamba shauri hilo lilikuwa na nafuu kubwa kwa mwenye kulitoa, nasi tulikuwa tumelitamani vile vile.

Tulimuuliza mwezi uliopita, baada ya swala ya alasiri. Hakuhuzunika. Alikaa kidogo, akasema zilikuwa nne, nzito, mbili zikiwa za bibi yetu, na kwamba yeye mwenyewe alimwuliza baba usiku ule atazirudisha lini. Akasema mzee aliahidi kumrudishia mpunga wa mwaka ule ukishauzwa. Tukamwuliza mbona hakudai miaka yote hiyo. Akajibu kwamba alidai mara mbili, na mara zote mbili gari lilikuwa limeharibika gia.

Sonara wa Morogoro amekwishaulizwa bei ya dhahabu ya uzito ule, na hesabu tunayo. Mnunuzi amesema atarudi baada ya mavuno. Ufunguo uko kwa dada mkubwa.